Mafuta kwenye vibamba vya apecha: kusafisha lenzi za zamani katika joto la Mtwara na Lindi

Shika lenzi mbele ya dirisha, weka pete ya apecha kwenye f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), kisha iinamishe polepole mpaka mwanga uteleze juu ya vile vibamba vyembamba vinavyotengeneza tundu la katikati. Vibamba vizima ni vikavu na vyeusi visivyong'aa. Vyenye mafuta vina mabaka: utaona nusu mwezi unaometa pale kibamba kimoja kinapolalia kingine, na pembeni michirizi yenye rangi za upinde wa mvua, kama dimbwi la maji kwenye kituo cha petroli.

Vibamba havipakwi mafuta kiwandani. Vimeundwa vifanye kazi vikiwa vikavu kabisa. Hayo mafuta yanatoka kwenye helikoidi, yaani zile treadi zinazoisogeza lenzi mbele na nyuma unapozungusha fokasi. Grisi ya humo ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni maalumu, kama maji ndani ya sifongo. Miaka ikienda, na joto likiwa la kwetu huku, mafuta yanajitenga, yanatambaa juu ya chuma hadi kwenye vibamba, na sabuni inabaki nyuma imekauka. Ndiyo maana lenzi yenye vibamba vilivyolowa mara nyingi huwa na fokasi nzito pia. Kufuta vibamba peke yake bila kugusa helikoidi ni kupiga deki huku bati linavuja.

Je, kuna haja ya kuifungua?

Lenzi nyingi hufunguliwa bure na kuharibiwa bure, kwa hiyo jibu swali hili kabla ya kushika bisibisi.

Kwenye kamera za filamu za SLR, yaani zile unazotazama kupitia lenzi yenyewe kwa kioo cha ndani kinachoakisi, lenzi ya otomatiki hukaa wazi kabisa unapotazama, halafu vibamba hufunga ghafla unapobonyeza shata. Vina sehemu ndogo sana ya sekunde kufika mahali pake. Mafuta yakivishika, shata hufunguka vikiwa bado njiani. Chukua mfano wa kuta nyeupe za Mikindani saa saba mchana, filamu ya ISO 100, sekunde 1/125 na f/16. Vibamba vikiishia f/5.6, mwanga umezidi kwa hatua tatu, yaani mara nane, na picha imeungua. Kinachochanganya ni kwamba picha za jioni, ulizopiga lenzi ikiwa wazi kabisa, zitatoka salama, nawe utamlaumu aliyesafisha filamu.

Kwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo hicho cha kuakisi (mirrorless), lenzi ikiwa imefungwa kwa adapta, hakuna kufunga ghafla. Unazungusha pete, vibamba vinafuata, na vikichelewa nusu sekunde hakuna kinachoharibika. Ndivyo ilivyo pia kwa lenzi ambazo apecha yake hufungwa kwa mkono hata kwenye kamera yake ya asili, kama Helios 44-2 yenye vibamba vinane. Kama mafuta ni kidogo na vioo viko safi, iache. Ifungue ikiwa vibamba vinagandana, au ukiona ukungu wa mafuta kwenye vioo vinavyopakana na apecha. Mvuke wa mafuta hutua hapo taratibu na kufanya picha ipauke.

Kujua kasi ya vibamba ni rahisi. Weka f/16, rekodi nyuma ya lenzi kwa video ya mwendo wa polepole ya simu, kisha chezesha kijiti au pini ya apecha. Kwenye lenzi za M42, yaani zinazofungwa kwenye kamera kwa treadi, zikiwa kwenye otomatiki, kubonyeza pini ndiko kunakofunga vibamba. Kwenye Nikon ni kinyume: lenzi ikiwa nje ya kamera springi imeshaifunga, hivyo unasukuma kijiti ili ifunguke, kisha unakiachia ghafla. Rudia mara kumi. Vibamba vizima huruka. Vinavyoumwa hujikokota, na mara nyingi mara ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila ukivichezesha mafuta yanalainika. Kwa hiyo usihukumu kwa jaribio la tano.

Vitu vya kuandaa

Bisibisi ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi. Skrubu za lenzi za Kijapani zinafanana na za msalaba wa kawaida, lakini mkato wake ni wa JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini. Inapanda, inateleza, inakula kichwa. Tafuta JIS namba 00, 0 na 1. Utahitaji pia spana ya lenzi yenye ncha mbili za kurekebisha umbali, kibano kisicho na sumaku, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, pamba za masikio pakiti nzima, tuthipiki, karatasi laini za kufutia lenzi, na trei la mayai la kupangia skrubu kwa mfuatano wa zilivyotoka.

Pete za mbele zisizo na matundu ya spana hufunguliwa kwa mpira. Kata kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha pete, gundisha kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye ukingo, kandamiza na uzungushe. Kinashika vizuri kuliko vifaa vingi vya kuagiza.

Dawa za kusafishia ni mbili. Ya kwanza ni nafta, yaani mafuta ya laita za utambi kama Zippo au Ronsonol. Inayeyusha mafuta na kukauka bila kuacha utando. Ya pili ni aisopropili, aina ya alkoholi, ya asilimia 99, ya kufutia mwishoni. Mililita 50 za kila moja zinatosha lenzi moja na kubaki. Aisopropili wanayo mafundi simu, maana ndiyo wanayooshea bodi. Ukienda sema wazi: "Kaka, naomba aisopropili safi, siyo thina." Usiposema, unaweza kupewa chochote kinachonuka vikali.

Petroli ya kituoni ina viambato vinavyobaki baada ya kukauka. Mafuta ya taa yanaacha utando, hivyo unaondoa mafuta na kuweka mengine. Dawa ya kufuta rangi ya kucha huwa na vilainishi, na asetoni iliyomo inakula plastiki na rangi za maandishi ya lenzi. Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu zisikaribie kabisa, kwani ni mafuta yenyewe.

Fanya kazi asubuhi, feni ikiwa imezimwa na madirisha yamefunguliwa upande usio na vumbi. Nafta inashika moto upesi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo zima dawa ya mbu ya kuwasha, toa chetezo cha udi, na jiko la mkaa liwe nje ya nyumba.

Kufungua

Lenzi nyingi za milimita 50 za otomatiki hufikika kwa nyuma, na maelezo haya yanafuata njia hiyo. Weka fokasi kwenye umbali usio na mwisho (alama ya ∞), apecha wazi kabisa. Piga picha kila hatua, na kila pete inayotoka iwekee alama ya mkwaruzo mdogo wa sindano kuonyesha ilipokutana na jirani yake.

Simamisha lenzi uso chini juu ya kitambaa cheupe. Legeza skrubu za pete ya nyuma robo zamu kila moja kwanza, ndipo uzitoe. Ikikataa usitumie nguvu: huenda imefungwa kwa gundi. Gusa kichwa chake kwa ncha ya pasi ya kuchomelea yenye joto kwa sekunde 10 hivi, kisha jaribu tena ikiwa bado ya moto.

Pete ya nyuma inapoinuka ndipo vitu hupotea. Chini ya pete ya apecha kuna gololi ndogo ya chuma yenye kipenyo cha kama milimita moja na nusu, inayosukumwa na springi. Hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa tik-tik. Inaruka, na kwenye sakafu ya saruji haipatikani. Ingiza mikono na lenzi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, kisha inua pete humo humo. Ikiruka itagonga plastiki na kubaki.

Fungua sasa fungu la vioo vya nyuma kwa spana. Ncha zikae ndani ya mikato barabara, mkono mmoja ukandamize chini wakati mwingine unazungusha, kwa sababu spana ikiteleza inachora kioo mstari ambao hauponi. Kama kuna pete nyembamba kama karatasi chini ya fungu hilo, itunze mahali pake. Unene wake ndio uliopanga umbali wa vioo. Fungu la vioo lifunike kwa bakuli safi.

Vibamba viko mbele yako.

Njia ya kufuta bila kuvitoa

Hii inatosha kwa lenzi nyingi, na ni salama kwa anayeanza. Funga apecha hadi f/8. Chovya pamba ya masikio kwenye nafta, kisha ikamulie kwenye karatasi mpaka isidondoke tena. Futa kila kibamba kwa kufuata mkunjo wake, kutoka ukingoni kuelekea katikati, ukiacha uzito wa pamba ufanye kazi. Vibamba hivi vina unene mdogo sana, na pini zake zimebanwa tu kwenye bamba. Ukikandamiza, pini inachomoka, na hapo huna tena kazi ya kusafisha ila ya kutafuta lenzi nyingine ya kutoa spea.

Pamba moja, mpito mmoja, kisha itupe. Ukimaliza mzunguko, pulizia hewa kwa pampu, subiri vikauke, ndipo ufungue na kufunga apecha mara 20. Mafuta yaliyojificha kwenye malaliano yatatoka juu. Futa tena. Usishangae ukirudia mara nane au kumi. Mizunguko ya mwanzo mara nyingi pamba hutoka na rangi ya chai ya rangi, na kazi imekwisha pale inapotoka kama ilivyoingia. Malizia mzunguko mmoja wa aisopropili.

Usichezeshe apecha ikiwa bado imelowa. Maji maji kati ya vibamba viwili vyembamba huvigandisha kama vioo viwili vilivyolowa, na ukilazimisha, kimoja kinapinda juu ya kingine.

Wako wanaomwaga nafta moja kwa moja kwa bomba la sindano, vibamba vikaogelea. Inaonekana kazi imeisha kwa dakika tano. Ukweli ni kwamba mafuta yameyeyuka na kusambaa nyembamba kila mahali: nyuma ya vibamba, kwenye vioo vya mbele ambavyo hujavitoa, kwenye rangi nyeusi ya ukingo wa vioo. Siku ya tatu mng'ao umerudi, na sasa una ukungu kwenye kioo pia. Kama ni lazima umwagie, toa vioo vya pande zote mbili kwanza.

Kuvitoa vyote

Fanya hivi ikiwa kuna kutu, ikiwa kibamba kimoja kimetoka kwenye tundu lake, au ukiona mafuta yamerudi ndani ya wiki. Kutu huwa kwenye lenzi zilizokaa karibu na maji, Shangani au Msimbati, ambako upepo wa chumvi hauulizi.

Kila kibamba kina pini mbili, moja kila upande. Pini moja inakaa kwenye tundu la kitako na nyingine kwenye mfereji wa pete inayozunguka. Pete hiyo ikizunguka, vibamba vyote vinasogea pamoja. Kabla ya kuitoa, hesabu vibamba na piga picha ya karibu kuonyesha kipi kinalalia kipi. Toa kizuizi, ambacho huwa pete ya springi yenye mwanya au skrubu tatu ndogo, weka alama pete ya mifereji ilipo, kisha iinue wima. Vibamba vitoe kimoja kimoja kwa kibano, ukishika karibu na pini na siyo ncha nyembamba.

Vilaze kwenye bakuli la kioo lenye nafta kwa dakika 15. Kisha weka kimoja juu ya kioo bapa kilichofunikwa karatasi laini na ukifute kwa kidole kuelekea upande mmoja tu, kutoka kwenye pini kwenda ncha. Kutu nyepesi inakubali kusuguliwa kwa tuthipiki ya mti iliyolowa nafta. Msasa usitumike kamwe: unatoa rangi nyeusi, kibamba kinaanza kuakisi mwanga, na ukwaruzo wake utakwama kwenye jirani.

Kurudisha kunataka subira, basi usianze usiku. Kitako kiwe kikavu kabisa. Panga vibamba kimoja baada ya kingine kwa kuzunguka upande mmoja, kila pini ya chini ikiingia tundu lake na kila kibamba kikilalia kilichotangulia. Cha mwisho ndicho kinachosumbua, maana nusu yake lazima iingie chini ya kile cha kwanza. Inua ncha ya kibamba cha kwanza kwa tuthipiki, kiasi cha unene wa karatasi, telezesha cha mwisho chini yake, na uachie. Visogeze vyote kwenye hali ya wazi kabisa, vikiwa vimejibana ukingoni, kisha shusha pete ya mifereji juu yake kwa alama uliyoweka. Itikise kidogo kwa kidole mpaka pini zote zidumbukie. Zikiingia, pete inakaa bapa kabisa. Ikiwa imeinuka upande mmoja hata kidogo, kuna pini iliyo nje. Iinue, tafuta pini hiyo, usikandamize.

Usiweke grafiti, poda wala tone la mafuta ya cherehani.

Chanzo chenyewe: grisi

Kama fokasi ilikuwa nzito, au lenzi imewahi kufutwa na mafuta yakarudi, fungua helikoidi. Iweke kwenye umbali usio na mwisho, chora alama, kisha zungusha taratibu kana kwamba unasogeza fokasi karibu, upite kikomo baada ya kutoa skrubu za kizuizi. Sikiliza kwa vidole. Kuna pointi ambapo treadi zinaachana, na hapo hapo chora alama pande zote mbili. Treadi hizi zina milango kadhaa ya kuingilia. Ukiingiza mlango usio wake, lenzi itazunguka vizuri tu, lakini haitafika umbali wake wa mwisho, na itakubidi ujaribu mlango mmoja mmoja mpaka uchoke.

Sugua grisi ya zamani kwa mswaki mpya na nafta hadi mitaro iwe rangi ya chuma. Grisi mpya iwe ile inayouzwa kwa ajili ya helikoidi za lenzi, isiyotoa mafuta. Ya bearingi za gari inatenga mafuta ikipata joto, na mafuta ya mgando ya kujipaka yanalainika kwa joto la kawaida la gari lililoegeshwa juani. Yote mawili yatakurudisha ulikoanzia. Kiasi ni punje tatu za mchele kwa treadi nzima, ukisambaza kwa brashi nyembamba mpaka mitaro ipate rangi tu. Mizunguko miwili ya mwisho iliyo karibu na apecha iache kavu.

Ikikataa bado

Vibamba visafi lakini bado vinajikokota? Chungulia pete ya kijiti cha otomatiki nyuma ya lenzi. Nayo hupata grisi iliyoganda, na ndiyo inayovuta vibamba. Mara nyingi kosa lote liko hapo. La pili ni sumaku: bisibisi zenye sumaku huambukiza vibamba vya chuma, vikawa vinashikana vikiwa vikavu. La tatu ni springi iliyochoka au iliyonyooshwa wakati wa kufungua.

Baada ya kufunga kila kitu, elekeza lenzi kwenye mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja, au meli iliyotia nanga, ikiwa wazi kabisa. Kama picha si kali fokasi ikiwa kwenye kikomo, kuna pete nyembamba imesahaulika au mlango wa treadi si wenyewe. Kisha iache siku mbili ndani ya chumba chenye joto la kawaida na uitazame tena mbele ya dirisha kwa f/16.

Kuna jambo moja linalowahusu wenye Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 yenye vioo saba. Ina kioo chenye thoriamu, ambacho hugeuka njano na umri, na dawa inayojulikana ni mwanga wa jua. Jua la Lindi litaondoa njano, ndiyo, lakini litapika grisi na kuituma kwenye vibamba. Tumia taa ya UV ya LED, hata ile ya saluni ya kukaushia kucha, iwake juu ya kioo kwa siku kadhaa huku ukikagua kwa mkono kwamba lenzi haipati joto.

Kwa matunzo ya kila siku: lenzi isikae kabatini chini ya bati lisilo na dari, wala kwenye dashibodi njiani kati ya Mtwara na Lindi. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupita nyuzi 60. Iweke kwenye kopo la plastiki linalobana, pamoja na pakiti za silika zinazokuja na viatu vipya, sehemu ya chini na ya ndani ya nyumba. Mchele usiweke, unga wake unaingia kwenye treadi. Mara moja kwa mwezi zungusha fokasi mwisho hadi mwisho na ufunge apecha mara kumi.